Chupa Nyekundu za Mama Lutengano

Jumamosi, tarehe ishirini Oktoba, mwaka 1956, Iringa iliamka bila wingu hata moja. Upepo uliovuma usiku kucha ulikuwa umekoma, na vumbi lake lilikuwa limelala juu ya migomba na mabati ya mtaa wa Mlandege kama unga uliopepetwa. Kabla jua halijapanda sawasawa, joto lilikwisha kuanza kuuma shingo. Mvua zilikuwa bado mbali.

Tusekile aliliona joto lile kuwa jambo jema. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani, na akina mama wa usharika walikuwa wamemwachia yeye kazi ya kinywaji. Pombe haikuruhusiwa, na chai ya moto katika jua lile nani angeitaka? Mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono katika kikao akasema atatengeneza maji ya limau na forosadi, kama alivyojifunza utotoni kwao Rungwe. Alipoketi alijishangaa mwenyewe, maana hakuwa na desturi ya kusema mbele za watu. Lakini alikuwa Mnyakyusa katikati ya Wahehe, mwenye mume dereva asiyekaa nyumbani, na alitamani walau mara moja watu wauseme vizuri mkono wake.

Basi asubuhi hiyo aliomba, akamnyonyesha binti yake Lutengano, akawasha moto. Maji aliyachemsha akayaacha yapoe chunguni. Forosadi alikuwa amezichuma jana kwenye mti ulio karibu na shule, zimeiva mpaka zinapasukia mkononi. Akaziponda kwa mwiko, akazichuja kwa kitambaa cha merikani. Maji yake yalitoka meusi kama wino. Kisha akakata malimau akaanza kuyakamua humo, na hapo ndipo palipokuwa na raha yote ya kazi ile tangu alipokuwa mtoto. Limau lilipoyagusa, yale maji meusi yaligeuka. Yakawa mekundu, tena mekundu ya kung'aa, kana kwamba mtu amewasha taa ndani yake. Akatia sukari na tangawizi iliyopondwa, akaonja kwa ncha ya kijiko. Ukali ulitangulia, utamu ukafuata nyuma. Akamshukuru Mungu.

Chupa alipewa na dada mmoja wa usharika aliyefagia hospitali. Zilikuwa chupa za dawa zilizokwisha kazi, za kioo kizito, zenye mistari ya kupimia ubavuni na vizibo vya mpira. Tusekile alikuwa amezichemsha mpaka harufu ya dawa ikaisha kabisa. Alizijaza, akazifunga, akazipeleka nyuma ya jiko penye kivuli cha ukuta. Kwao watu hufukia ndizi ardhini ili ziive, na kitu cha kukaa baridi hukifukia vilevile, maana ardhi haina homa. Alikuwa amechimba shimo hapo tangu alfajiri. Akatandika majani ya mgomba, akazilaza chupa, akazifunika kwa majani mengine na juu yake gunia lililoloweshwa maji.

Halikumjia wazo kwamba mwezi ule, Mlandege nzima, hapakuwa na mtu mwingine aliyechimba shimo nyuma ya nyumba yake.

Maana mwezi ule palikuwa na habari za chinjachinja. Watu walisema kuna kundi la waovu wanaovizia mtu njiani, wanamnyonya damu yote, wanaitia ndani ya chupa na kwenda kuiuza kwa watu wanaotengeneza nayo dawa. Hakuna aliyekuwa amewaona, ila kila mmoja alimjua mtu aliyemjua mtu aliyewaona. Wazee walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tusekile naye aliamini kama wenzake. Jioni aliegemeza kinu mlangoni, na gari lolote likipita na taa zake alimfunika mtoto kwa kanga.

Tena wiki hiyo hofu ilikuwa imepata jina. Liberatus, fundi viatu wa mtaa ule, alisafiri kwenda Mbeya kununua ngozi, akamwambia mkewe Paskalina kwamba Alhamisi atakuwa amerudi. Alhamisi ikapita, na Ijumaa ikapita. Paskalina alikuwa ameanza kupita nyumba kwa nyumba, haulizi tena, anasimama tu mlangoni akiwatazama watu usoni.

Jua lilipofika utosini, Evarista alikuja kuazima ungo. Mlango wake ulitazamana na mlango wa Tusekile, nao walizoea kuazimana vitu. Tusekile alikuwa ndani akimbeba mtoto mgongoni. Alisikia salamu ya Kihehe, "kamwene", ya Evarista huko nyuma ya jiko, akaitikia "kamwene", akasema ungo uko ukutani, achukue.

"Mama Lutengano," Evarista alisema kwa kicheko, "ninyi Wanyakyusa na ndizi zenu! Hata huku kwetu mmeanza kuzifukia? Ngoja nichungulie kama zimeiva, nikuibie moja."

Tusekile alicheka. Alingoja amsikie mwenzake akicheka pia, lakini huko nje pakawa kimya.

Alipotoka, Evarista alikuwa amesimama juu ya shimo. Gunia lilikuwa limefunuliwa, na mkononi mwake ilikuwamo chupa moja. Jua lilipenya ndani ya kioo likatupa doa jekundu juu ya mkono wake. Tusekile alimwambia ni kinywaji cha kesho, cha kanisani, ni forosadi na limau, akitaka aonje. Evarista aliinama akairudisha chupa polepole, kama mtu anayerudisha yai kiotani, akafuta vidole vyake katika kanga. Kisha akarudi kinyumenyume mpaka kwenye ua, macho yake hayatoki kwa Tusekile. Alipofika uani aligeuka akakimbia. Ungo alikuwa ameuacha chini.

Tusekile alibaki pale akiwa na tabasamu ambalo halikujua liende wapi. Akatazama shimoni. Aliziona chupa za hospitali, vizibo vya mpira, wekundu ule. Akajaribu kuzitazama kwa macho ya Evarista. Kama angelikuta shimo lile nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, yeye mwenyewe angelikimbia kuliko Evarista.

Alifikiri kuzimwaga. Lakini ardhi ingekunywa na kuwa nyekundu, na watu wangesema ameficha ushahidi. Alifikiri kukimbia. Mwoga hukimbilia kwake, na kwake kulikuwa Rungwe, safari ya lori ya siku nzima. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mume alikuwa njiani na lori la tajiri wake, Mbeya kwenda na kurudi. Alipiga magoti pale pale jikoni. Maneno ya Kiswahili yalimkimbia, na yale aliyoyazoea kanisani yakamkimbia pia. Akabaki na la kwao tu, "Gwe Kyala, gwe Kyala," ewe Mungu, akilirudia kama mtu anayebisha hodi.

Kisha akasikia jambo lililomtia baridi. Michi ilikuwa imenyamaza. Saa ile ya mchana mtaa mzima hutwanga, na sauti za vinu ndizo huonyesha kwamba watu wapo. Sasa hapakusikika mchi hata mmoja, wala mtoto wala kuku.

Walikuja bila kelele. Wanaume walikuwa mbele, na fimbo na mapanga, wanawake nyuma yao wakiwa wameshika vinywa. Waliokuwa mbele kabisa ni Mzee Kalinga, mkubwa wa mtaa, na Ambrosi, fundi wa baiskeli, kijana mwenye mikono mirefu na ulimi mrefu zaidi. Tusekile alisimama mlangoni mwa jiko akangoja mzee amsalimu. Mzee Kalinga hakupita mbele ya mtu bila kumsalimu, hata mtoto, hata mlevi. Siku ile alipita bila salamu. Tusekile alijua kwa jambo hilo peke yake kwamba maisha yake yalikuwa mikononi mwa watu wale, yake na ya mtoto.

Mzee aliuliza kuna nini shimoni. Tusekile alieleza yote: kikao cha akina mama, forosadi, malimau, dada aliyempa chupa, desturi ya kwao ya kufukia. Alisikia sauti yake ikipanda kama ya mtu anayedanganya, na kadiri alivyojua inasikika hivyo ndivyo ilivyozidi kupanda.

Ambrosi alishuka shimoni akatoa chupa, akaiinua juu watu waione. Wakavuta pumzi wote pamoja.

"Forosadi," Ambrosi alisema. "Wazee, nani hapa haijui forosadi? Watoto wetu wanazila kila siku, wanarudi midomo myeusi kama wamekunywa wino. Hii ni nyeusi? Dada, ungesema ni rangi ya nyumba tungekusadiki kidogo."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akanyamaza kwa aibu.

Tusekile alimpokonya Ambrosi chupa, akang'oa kizibo kwa meno, akanywa. Alikunywa kwa pupa ili waone, na kinywaji kikamtiririka kidevuni mpaka kifuani. Alipoishusha chupa aliona umati umerudi nyuma. Alishika kidevu chake, na kiganja kikawa chekundu.

"Mmeona?" mwanamke mmoja alinong'ona. "Wao ndivyo wanavyokunywa."

Lutengano alianza kulia mgongoni. Tusekile alimpigapiga matako kwa mkono ule ule mwekundu, na hata jambo hilo, jambo la kila mama, aliona watu wanalitazama kwa hofu. Ambrosi akasema kwamba wanapoteza wakati. Akasema afungwe kamba, na nyumba itiwe moto kabla mumewe hajarudi na wenziwe. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akasema, na wengine wakaguna kumkubali. Mzee Kalinga aliinua mkono, lakini yeye mwenyewe alikuwa amerudi hatua moja nyuma. Tusekile akaelewa kwamba mzee naye alikuwa anaogopa, na mtu mwenye hofu akiwa na panga si wa kutegemewa.

"Mwulizeni jambo moja," Ambrosi alisema. "Liberatus alipanda lori la nani?"

Umati ukafunguka, na Paskalina akapita katikati. Alikuwa amejifunga kanga vibaya kama mtu aliyeamshwa na moto.

"Lori la mume wake," alisema. "Niliwaona kwa macho yangu. Alimsaidia kupandisha mzigo, wakaondoka wakicheka."

Tusekile hakuwa na habari hiyo. Alinanuswe, mumewe, hakumwambia. Alikuwa amerudi Jumatano, amekula matonge mawili akasukuma sahani, amesema amechoka. Alhamisi kabla ya mapambazuko aliondoka tena. Sasa mtaa mzima ulikuwa ukimtafuta Liberatus, naye Alinanuswe, aliyempakia, alikuwa amelala nyumbani usiku mzima bila kumtaja hata kwa mke wake. Kwa nini? Hofu ya Tusekile mpaka hapo ilikuwa imesimama mbele yake, ina mapanga na sura za majirani. Sasa ilizunguka ikaingia nyumbani, ikaketi penye kitanda chake. Je, anamjua kweli mtu anayempikia? Alilikemea wazo hilo kwa jina la Yesu, nalo halikutoka.

Lakini lile la chupa aliweza kulisemea. Alimgeukia mzee, akaongea polepole mara hii.

"Baba, kikapu cha forosadi kimebaki, na malimau yamebaki. Yako pale. Msiniamini mimi. Mmoja wenu atengeneze kwa mkono wake, mimi nisimame mbali. Ikibaki nyeusi, fanyeni mnalotaka."

Mzee Kalinga alitazama nyuma. Wanaume walitazama miguu yao. Ambrosi alisema yeye hagusi dawa za watu. Evarista alikuwapo, amejificha nyuma ya mama mmoja mnene, naye alitikisa kichwa kabla hajaulizwa. Kati ya wote waliokuwa tayari kuchoma nyumba, hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa tayari kushika limau.

Paskalina alijitokeza.

"Nitafanya mimi," alisema. "Kama mume wangu yumo ndani ya chupa hizi, nitamjua."

Wakaleta bakuli jeupe. Paskalina alichota forosadi kwa viganja vyote viwili, akaziponda kwa ngumi, bila mwiko. Maji yalitoka meusi. Ambrosi akasema, "Si niliwaambia?" Tusekile alikuwa amesimama mbali, mgongo ukutani, mtoto amehamishiwa kifuani. Aliomba bila kufumbua midomo. Aliogopa limau litakataa. Alikuwa ameliona likifanya hivyo tangu utoto, lakini siku ile aliogopa kwamba hata limau litamsaliti.

Paskalina alichukua limau moja, akalikata kwa panga la Mzee Kalinga, akalikamua. Matone ya kwanza yalianguka, na pale yalipoanguka pakatokea vidoa, vyekundu ndani ya weusi. Akakamua zaidi. Vidoa viliungana. Akashika nusu ya pili akaikamua kwa nguvu zake zote, kama anayeinyonga, na bakuli lote likageuka mbele ya macho yao, likawa jekundu na kung'aa.

Paskalina alikitazama kiganja chake kwa muda mrefu. Kisha akakipeleka mdomoni na kukilamba.

"Ni limau," alisema. "Ni limau tu."

Akaketi chini mavumbini, akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha furaha.

Mzee Kalinga alilichukua bakuli, akanusa, akanywa funda moja. Ukali ulimkamata koo, akakohoa mpaka macho yakatoka machozi, na baadhi ya watu wakacheka. Akampa Ambrosi. Ambrosi alikunywa kidogo akiwa ameinamisha uso, akasema ingefaa kuongezwa sukari, na mama mmoja akamwambia akaiongeze kwenye ulimi wake kwanza. Mapanga yaliegemezwa ukutani. Ndipo mzee akamgeukia Tusekile akasema, "Kamwene, mwanangu," naye akaitikia, na midomo yake ilikuwa mizito kama ya mtu aliyelala na homa.

Lakini Paskalina hakuinuka.

"Basi yuko wapi?" aliuliza. Hakumwuliza mtu yeyote. "Kama hayumo humu, yuko wapi?"

Kicheko kikaisha. Tusekile aliyaona macho ya watu yakirudi kwake, moja moja. Ambrosi alisema kwa sauti ya chini kwamba maji ni maji na lori ni lori. Mara hii hakuwa akifanya mzaha, na hakuna aliyemkataza.

Tusekile angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mwulizeni mwenyewe akija, na kuingia ndani na kufunga mlango. Angeweza pia kutuma mtu kwenye barabara ya Mbeya amngoje Alinanuswe, amwambie asije Mlandege. Wazo hilo la mwisho lilimjia likiwa tamu, na utamu wake ndio uliomtisha. Alimtazama mwanamke aliyekaa mavumbini, mikono myekundu mpaka viwikoni, mwanamke pekee aliyekubali kushika limau. Akajua kwamba hofu waliyo nayo ni moja. Kila mmoja wao hakujua mume wake alipo, maana hata yeye, ingawa wake alikuwa hai, hakujua tena moyo wa mume huyo uko wapi.

Aliingia katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Paskalina, Lutengano akiwa kifuani. Mzee Kalinga aliwaambia watu wanyamaze wasikie.

"Mume wangu atarudi Jumatatu," Tusekile alisema. "Sitamtumia mtu njiani wa kumwonya. Atashuka mbele yenu, na mtakapomzunguka mimi nitakuwa nimesimama upande wako, Paskalina, na swali nitamwuliza mimi. Akisema alimshusha Liberatus Makambako, au Chimala, au Mbeya kwenyewe, wewe na mimi tutapanda lori lile lile mpaka mahali hapo, na sitarudi kabla yako. Na ikiwa mume wangu ametenda neno baya, au amelificha, nitalisema mimi kwa mdomo huu, hata likinibomolea nyumba. Naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu ninyi nyote mnaonisikia."